Tulipoacha Hesabu ya Kutoa

Yaya, kaka yangu mkubwa,

Jumapili baada ya misa mwanao Béa alikuja na dadu zako, akaniomba tucheze. Nilikataa. Akadhani ni majonzi tu. Majonzi yapo, lakini kuna na kingine, na wewe peke yako ndiye ninayeweza kukuambia, kwa kuwa huwezi kunijibu.

Unakumbuka ulivyotufundisha ule mchezo wa mezani, wa kusimulia mashujaa na mazimwi, kwa kitabu chako cha zamani cha Kifaransa kisicho na jalada? Ulirudi kutoka zamu yako kwenye kituo cha umeme kule Koni, ukanawa, ukakaa kuongoza. Hesabu ya vita vyake ilikwenda kinyumenyume. Kila shujaa alikuwa na namba yake. Unatoa humo namba ya deraya ya adui, lile vazi lake la chuma, na kinachobaki ndicho dadu ya pande ishirini lazima ikifikie. Deraya nzuri ilikuwa na namba ndogo. Ile bora kabisa ilishuka chini ya sifuri, na hapo kutoa kunageuka kuongeza, sisi wote tunapotea. Wewe hukushika hata kalamu. Nilipohesabu kwa vidole ulinicheka: "Weye, acha vidole! Kuongeza, hata mbuzi inaweza. Kutoa njo akili."

Nilikupenda sana saa zile. Nilijivuna kuwa mdogo wako.

Halafu siku moja shujaa wangu, mwenye kumi na saba, alikutana na zimwi lenye deraya ya mbili chini ya sifuri. Nilihitaji kumi na tisa. Wewe ukasema, "Kumi na tano." Nikatupa dadu, ikaja kumi na sita. Zimwi likafa, nami nikanyamaza kama mwizi wa mahindi. Nilifikiri umechoka. Wiki iliyofuata ukatoa nne katika kumi na saba, ukapata kumi na sita. Binamu yetu Trésor akanitazama. Mimi nikatazama sahani ya karanga. Kwetu mdogo hamsahihishi mkubwa mbele ya watoto wake, na wanao walikuwa pale wakikushangilia.

Basi tukatafuta njia ya kukusitiri. Trésor akaleta kitabu kipya kutoka Lubumbashi. Humo kila mchezaji anatupa dadu, anaongeza nguvu zake mwenyewe, akifikia namba ya deraya amepiga. Namba kubwa ni nzuri kwa kila kitu, kwisha. "Yaya, hii ya mupya iko rahisi," nilikuambia, "batoto nabo bataweza." Nilingoja ubishe, ututukane kidogo. Ulikifunua tu, ukasema polepole, "Bon, tucheze hii. Kichwa yangu inachoka."

Siwezi kuisingizia hesabu mpya. Inakwenda haraka, haimwaibishi mtu, na anayeongoza hana pa kukosea. Miezi mingi ulicheka nasi pale mezani, na hakuna aliyejua kichwani mwako mnaota nini. Ile ya zamani ingekusema. Ingekusema kila Jumapili, kwa sauti, mpaka mmoja wetu ashindwe kuvumilia na kukupeleka hospitali. Sisi tuliinyamazisha, tukaita heshima.

Ulipoanguka, daktari alituuliza, "Hesabu ao kusoma, ilianza kumushinda lini?" Mama Béa, mke wako, alikuwa amenishika mkono. Nikajibu, "Ni siku hizi tu." Akaandika. Akasema uvimbe ulikuwa umekaa humo kichwani siku nyingi. Mapema angejaribu kitu, sasa hapana.

Mama Béa huwaambia wanaokuja kumpa pole kwamba ugonjwa ulikuja ghafla, kwamba hakuna ambaye angeweza kuuona. Hana faraja nyingine. Akimaliza hunigeukia: "Si njo vile, mudogo?" Nami huitikia. Trésor huinama tu.

Lala, yaya. Wewe sikuombi msamaha, maana hakuna utakachonipa tena. Wa kuombwa ni mkeo, naye kesho akiniuliza nitaitikia.

Mdogo wako