Bikoni Isiyo na Namba

Tassia, Nairobi
Jumapili, baada ya ibada

Mama Ayubu, mke wangu,

Nakusalimu sana, wewe na Ayubu na kila anayelala chini ya bati letu. Natumaini mko wazima na kikohozi cha mtoto kimepungua. Mimi sina ugonjwa, ila kucha mbili za miguu zimeng'oka na magoti yananiuma kila nikishuka ngazi za ploti, hii nyumba tunayopanga. Sababu yake ndiyo habari ya barua hii.

Lakini kwanza nikusalimu wewe, Mwalimu Hezroni, kiongozi wa kwaya yetu. Najua ni wewe unayemsomea mke wangu, maana wewe ndiwe unayesomea nusu ya kanisa letu barua zao na kuwaandikia majibu. Asante kwa kazi hiyo. Nakuomba usome yote. Usiruke mahali, hata ukikuta jina lako.

Rasoa, barua yako ya mwisho nimeisoma mara nne. Mwandiko ni mzuri, siwezi kusema uongo. Shida ni maneno. "Mume wangu, nakutamani kama ua litamanivyo umande." Ua gani? Tangu nikuoe sijakusikia ukitaja ua, isipokuwa siku ile mbuzi wetu alipokula maua ya kanisa ukaitwa mbele ya wazee. Wewe ukiambiwa umekumbukwa, husema tu "Hata wewe," halafu unageuka kuchochea moto. Sasa huo umande mliutoa wapi, na mlikuwa mmekaa wapi mkiutafuta? Tena naona humo kwamba "mwalimu wetu mpendwa" ametengeneza mlango wa jikoni. Mlango ule nilisema nitautengeneza mimi. Ndiyo, nimesema tangu mwaka juzi, lakini nilisema.

Sitaficha. Nina wivu, Mama Ayubu. Naamka nao na kwenda nao kazini, na nikishika bakuli la chai naukuta umekaa humo kabla yangu. Ndiyo maana nilikubali kukimbia.

Nikueleze vizuri. Unajua kazi yangu ni kubeba cheni ya kupimia na vyombo vingine vya mpimaji wa ardhi. Na unajua bikoni, zile nguzo fupi za simiti zinazojengwa juu ya vilima ili wapimaji waziangalie kwa darubini zao wakipima nchi. Basi ofisi chache za wapimaji zilikubaliana kushindanisha wafanyakazi wao. Mnakwenda wawili wawili, juu kabisa ya milima ya Nyandarua, kule ambako miti imeisha na kumebaki nyasi na baridi. Mnakimbia kutoka bikoni moja hadi nyingine mpaka mfikishe tano, kwa siku moja. Ni mbali kama kutoka kwetu mpaka Kisumu, na hakuna njia. Unaonyeshwa kilima, mengine ujue mwenyewe. Juu ya kila bikoni kuna kibao cha shaba chenye namba. Unaweka karatasi juu yake na kusugua kwa penseli mpaka namba itokee, na hiyo karatasi ndiyo shahidi kwamba ulifika.

Washindi wangepewa likizo ya wiki mbili. Wiki mbili, Rasoa! Mpimaji wetu alipotutangazia hayo pale kwake Donholm, nilijiona nimeshafika nyumbani bila kupiga hodi, nimesimama mbele ya huo mlango wa jikoni, nauangalia bawaba moja moja.

Nilipangwa na Mutua, yule Mkamba ninayekaa naye chumba kimoja. Nimekuambia habari zake, yule anayechemsha muthokoi, mahindi yao ya kukoboa, mpaka jiko zima linaisha mafuta. Ni mtu mwema, lakini hata yeye nilikuwa namwonea wivu. Kila mwezi anapata bahasha nene kutoka kwa mkewe kule Machakos. Akiipokea anageukia ukuta, anafungua polepole, anacheka peke yake. Nikimuuliza mkewe anasema nini, ananijibu, "Anasema mengi." Halafu anaificha ndani ya shati. Nikajua huyo mke anamwandikia kwa mkono wake mwenyewe, maneno ya watu wawili, wakati yangu mimi yanapita kwanza kwa kiongozi wa kwaya.

Tulifanya mazoezi wiki sita. Alfajiri tunatoka hapa Tassia, tunashika kando ya barabara ya Outer Ring mpaka Kiamaiko, tunageukia pale mbuzi wanaposhushwa kutoka kwenye malori, tunarudi kuoga na kwenda kazini. Watu wazima wawili wenye kaptula! Vijana wa Kiamaiko, ambao polisi humwita karao, walitungojea kila siku.

"Niaje, wazee! Mnahepa karao ama mabibi?"

"Huyu anatafuta bibi yake!" Mutua akawajibu siku moja, akinionyesha kidole. "Amesikia ako na mwalimu!"

Walicheka mpaka mbuzi wakatawanyika. Mimi sikucheka, na siku hiyo nilimtangulia Mutua kufika nyumbani.

Basi siku ikafika. Tulipandishwa kwa gari mpaka mwisho wa barabara, kukiwa kumepambazuka, na firimbi ikapigwa. Nisikudanganye, kule juu si mahali pa kukimbia. Nyasi zinaota mafungu mafungu, kila fungu limefika kiunoni, na katikati yake ni maji meusi na tope. Unaruka kutoka fungu hadi fungu, ukikosa moja umezama mpaka goti. Upepo unakupiga masikio hadi huyasikii ni yako. Lakini bikoni ya kwanza tuliifikia mapema, na ya pili tulikuwa wa kwanza kabisa. Tulisugua namba zetu tukaona wenzetu bado wako chini bondeni, wadogo kama siafu.

Pale kwenye bikoni ya pili tulikaa kidogo kula viazi vitamu. Mutua akaingiza mkono ndani ya shati, akatoa bahasha mpya, akachungulia ndani na kucheka. Kule juu, Rasoa! Mahali hata ndege hakuna, bado mkewe yuko naye! Nikasimama, nikasema twende, na tangu hapo sikutaka kusikia neno lake lolote.

Ukungu ukashuka. Mutua alikuwa ameshika dira, mimi nikawa mbele. Ghafla upande wa kulia ukungu ukafunuka kidogo, nikaona kitu cheupe juu ya kilima.

"Ile pale!" nikasema.

"Hapana, Zakayo. Dira inasema tuende kushoto."

"Dira haikubeba simiti hapa. Mimi nilibeba."

"Hata kama. Hiyo si yenyewe, nakuambia."

"Kama unajua sana, kimbia na mkeo."

Sheria ilikuwa wawili wasiachane, basi Mutua akanifuata. Tulipanda kilima kile kwa mikono na miguu, muda mrefu mno. Tulipofika juu, nikapapasa nikitafuta kibao cha shaba. Hakuna. Lilikuwa rundo la mawe yaliyopakwa chokaa, na juu yake simiti kidogo.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Rundo lile nililijenga mimi. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kazi, wewe na mimi tumeoana miezi minne tu. Bikoni ya tatu ya kweli haikuonekana vizuri kutoka chini, mpimaji akatuambia tujenge rundo la muda kwenye kilima cha jirani. Mtu mwingine yeyote angefuata ramani, na ramani haina rundo hilo. Ni mimi tu duniani ambaye ningeweza kupotea kwa kulijua.

Simiti ilikuwa imebaki kidogo siku ile. Nikaimwaga juu ya mawe, na kabla haijakauka nikachukua msumari nikaandika jina lako. Sikukuambia kamwe, kwa sababu mpimaji angenifukuza na wewe ungenicheka. Nilipofuta matope kwa mkono, nikaona bado lipo. RASOA. Mvua ya miaka yote hiyo haijalifuta. Nililiangalia nikaona aibu, maana nimekimbia siku nzima nikikushuku, na kumbe ninayemkimbilia ni wewe.

Nilingoja Mutua anitukane. Hakunitukana. Alikaa juu ya jiwe akalisoma lile jina.

"Huyu ni bibi yako?"

"Ndiye."

Akatoa ile bahasha ndani ya shati akanipa. "Shika. Si unataka kujua anasema nini?"

Nilifungua. Mama Ayubu, hamkuwa na neno hata moja. Zilikuwa karatasi zilizosuguliwa penseli kama tulivyofanya kwenye bikoni. Moja ilikuwa na madoa ya twiga wa mti anayechongwa na baba yake Mutua. Nyingine ilikuwa jani la mbaazi, mishipa yake yote ikionekana. Nyingine kitana cha nywele, meno mawili yamevunjika. Nyingine unyayo wa mtoto, umechorwa kwa kuzungushiwa penseli.

"Hajui kuandika hata a," Mutua akasema. "Na hataki mtu amwandikie. Anasema mambo yetu si ya kamati."

Halafu akachukua karatasi na penseli, akaweka juu ya simiti, akasugua jina lako mpaka likatoka lote. Akaikunja akaniwekea mfukoni.

Tulirudi kutafuta bikoni ya tatu ya kweli, tukaipata, na ya nne, na ya tano. Tulimaliza, lakini wenzetu walikuwa wamekwisha kuoga na kunywa chai. Tulikuwa wa nne. Msimamizi akahesabu karatasi zote nilizotoa mfukoni akakuta sita.

"Hii ya sita ni bikoni gani? Haina namba."

"Hiyo ni ya nyumbani kwake," Mutua akamwambia.

Watu wakacheka, na safari hii hata mimi nilicheka, ingawa si sana. Likizo ilikwenda kwa vijana wawili wa ofisi nyingine, ambao hata wake hawana. Kwa hiyo siji mwezi huu, Rasoa. Mlango wa jikoni ukae hivyo hivyo.

Ndani ya bahasha hii mna karatasi hiyo. Ni jina lako, na wewe ndiwe wa kulishika kabla ya mtu mwingine. Lifuate kwa kidole, kuanzia kushoto. Nimeweka pia kipande cha penseli ile ile na karatasi tatu nyeupe. Uchague kitu cha nyumbani kwetu, chochote, uweke karatasi juu yake usugue. Sikuchagulii. Inaweza kuwa jiwe la kusagia au kitako cha sufuria. Sitaki ua, na nakusihi isiwe bawaba. Usiweke neno. Bahasha uifunge wewe. Nikiifungua hapa nitageukia ukuta kama Mutua, na nitajua ni wewe.

Nisalimie Mama, umwambie bado navaa ile sweta aliyonifumia na ndiyo iliyoniokoa kule juu. Nisalimie shemeji yako Musa anayetuchungia ng'ombe, mwambie zile kwato zenye vidonda azioshe kwa maji ya chumvi. Nisalimie baba mkwe, mwambie deni la jogoo wa Krismasi sijalisahau. Ayubu mbebe begani mara moja kwa niaba yangu.

Nakukumbuka. Najua utasema "Hata wewe," na hilo linanitosha kuliko umande.

Ni mimi mumeo,
Zakayo

Mwalimu, mwenye wivu husema mengi. Kama nimekukosea, nisamehe, na kwa mlango asante. Barua imeisha hapa. Mpe ile karatasi mkononi, halafu uende nyumbani kwako.