Mabuti ya Papa na Mfereji wa Avenyu Yetu

Papa wangu mpendwa,

Jumamosi hii asubuhi nimefunga mlango kwa ufunguo. Heri nikwambie mwenyewe.

Unakumbuka Jumamosi zetu? Chai hujamaliza, umeshavaa yale mabuti uliyostaafu nayo kiwandani, unagonga madirisha kutuamsha mimi na watoto wote wa avenyu. "Salongo!" Nililichukia neno hilo la kutuita kwenye kazi ya pamoja ya usafi. Wenzetu wa avenyu ya pili wanacheza, sisi tumeinama mferejini tunazoa matope na vifuko vya maji ambavyo hatukuvitupa sisi. Majirani walikucheka, wakakuita meya. Siku moja nilikuuliza kwa hasira, "Papa, juu ya nini siye tu?" Hukukasirika. "Kama mvula inakuya, mayi itaingia kwa bote," ulisema, ukanirudishia beleshi.

Nilikuamini, na hilo ndilo linaloniuma.

Kile kipande cha bati kilipokukata mguu kupitia buti lililopasuka, ulimwagia jeraha mafuta ya taa, ukamaliza mfereji kwanza. "Iko kadogo tu." Wiki iliyofuata taya lilikuwa limekaza, hukuweza kumeza hata uji. Pepopunda, daktari alisema, na tumechelewa. Kwenye kilio cha msiba wako avenyu nzima ilikuja. Walilia kweli, siwasingizii. Wakanywa maji, na vifuko wakavitupa mferejini, palepale ulipokatwa. Nilisimama na sinia mkononi nikiwatazama. Nilikuwa nimechoka nao, na wewe pia nilikukasirikia.

Tangu hapo hakuna aliyeshika beleshi. Mvua za mwaka huu zimeingia kwa wote, kama ulivyosema. Kwetu magodoro yameloa, kwa jirani ukuta wa choo umeanguka.

Leo nimemkuta Mado, mwanangu wa miaka tisa, yuko uani. Amevaa mabuti yako, yanamfika mapajani, na beleshi analiburuta. Ni wewe uliyemfundisha hayo, mimi sikumfundisha lolote. Nilimvua kwa nguvu, moja baada ya jingine. Kwenye la kushoto tundu bado lipo, kidole changu kilipita.

Nikamwingiza ndani, nikafunga. Hakulia. Aliuliza tu habari zako, wewe babu yake, ambaye yeye anakuita Kambo: "Mama, Kambo alikuwa anafanyaka mubaya?"

"Hapana. Kambo yako alikuwa anafanyaka muzuri."

"Sasa juu ya nini unanifungia?"

Mvua imeanza, Papa. Amesimama dirishani anautazama mfereji ukijaa. Ufunguo bado uko mfukoni mwangu.

Pumzika, kama unaweza.

Ni mimi, binti yako mkubwa