Pasi Niliyoitoa Ruiru

Chania, Thika
14 Aprili 1957

Kwako kaka Jeconia,

Pokea salamu nyingi kama maji ya hapa yanavyoanguka bila kuchoka. Hamjambo wewe, shemeji, na binti yetu Nekoye? Mimi ni mzima, isipokuwa kidole kimoja kilichoonja makaa.

Hapa hotelini sina mpinzani. Nikishika pasi, shuka hujinyoosha zenyewe kwa hofu. Juzi Mzungu alijiona uso katika shati nililolipiga pasi, akanyolea ndevu hapo hapo. Muulize yeyote.

Na neno hilo pasi nimelichunguza, kaka. Kuna karatasi ya ruhusa, kuna kumpa mwenzako mpira, kuna kufaulu mtihani. Katekista Ndambuki wa Kamenu anasema hizo zote ni za Kiingereza, na chimbuko lake ni neno la Warumi wa kale, maana yake hatua. Ila pasi ya nguo, ati Waingereza huiita jina lingine kabisa. Nikamwambia basi hawajui kazi.

Sasa sikiliza. Mwezi jana nilikwenda Ruiru kumwona Omondi, rafiki yangu. Njiani askari akataka pasi. Nikachomoa karatasi, kifua mbele. Akaikunjua, akaisoma kwa sauti, foleni nzima ikisikia: “Baba mdogo, baba anataka niache shule. Wewe umesoma, sema naye.”

Kumbe ni barua ya Nekoye. Nilikuwa nimetembea nayo wiki tatu. Watu wakacheka. Askari hakucheka. Aliniuliza, “Mzee, umemjibu mtoto?”

Kaka, hapa natua mzigo. Niliwaambia huku Thika nilisoma nikafika darasa la sita. Hata la kwanza sikulimaliza. Barua zangu zote aliandika Muthoka mpishi, na zenu alinisomea yeye. Alipohamia Ngoliba nikabaki na kiburi tu. Sasa kila Jumapili baada ya ibada nakaa benchi moja na watoto, Ndambuki akitufundisha. Hii nimeiandika kwa mkono wangu, Jumapili nne, yeye akinitajia herufi. Hilo doa la kahawia ni pasi. Nilitaka karatasi inyooke.

Usimtoe shuleni, kaka. Mimi na wewe tulilelewa nyumba moja, na kusoma hatukujifunza sote wawili. Hata maneno haya, anayekusomea ni nani?

Nekoye, mama, usiruke hapo. Rudia, baba asikie. Kisha piga mstari penye kosa, unirudishie.

Nisalimie wote hapo boma.

Ni mimi ndugu yako,
Zacharia