Nguo Kumi na Tisa za Samawati

Jumatatu, 3 Machi

Barua ya chekechea nimeisoma mara tatu. Watoto wa miaka minne na mitano wataanza masomo ya kuogelea, kila Alhamisi kuanzia wiki ijayo, kwenye lile bwawa la mjini. Miaka minne! Chiriku wangu bado anavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto, halafu watu wazima na akili zao wamtie majini?

Baba Chiriku kafurahi. Anasema yeye walimchelewesha mpaka akaota ndevu, na leo hata beseni analiogopa. Bora mtoto aanze kabla hajajifunza woga. Nikamuuliza, na woga wangu mimi nimwachie nani? Akacheka. Fundi friji huyu, baridi ya kazini imemwingia moyoni.

Jumatano, 5 Machi

Mwalimu Mkuu kaja mwenyewe mpaka kwenye cherehani yangu! Anataka nguo za kuogelea kumi na tisa, darasa zima, sare, rangi ya shule — samawati. Alhamisi ya pili watapigwa picha ya kalenda. Kasema fundi ni mimi tu, wengine wanababaisha.

Woga wote kwisha. Hata kina cha maji sikuuliza. Najijua: mtu akiusifu mkono wangu, nimekwisha.

Mchana nikabeba vipande vitano vya kitambaa mpaka bwawani. Nikapiga magoti ukingoni, nikalinganisha kimoja kimoja na vigae vya chini. Cha nne kikakubali kabisa, utadhani kimekatwa humo humo majini. Mlinzi wa bwawa akasema, mama, una jicho wewe. Akanipa na namba yake, nikihitaji kuja tena.

Nina jicho. Nimetembea nyumbani nikijicheka.

Jumamosi, 8 Machi

Nesi jirani kaleta sketi ya kupunguza. Nikajua huyu ataniunga mkono. Nikamuuliza, miaka minne si mapema mno?

Wapi! Anasema wengine wanaanza kuzoeshwa maji mikononi mwa wazazi wao wakiwa na mwaka mmoja. Mwaka mmoja! Pini ikanichoma. Miaka minne, anasema, wengi wao wanaweza kufuata maelekezo — kupuliza mapovu, kulala chali juu ya maji, kujigeuza na kushika ukingo. Ila kila mtoto na wakati wake. Anayelia asilazimishwe. Vipindi viwe vifupi, watoto wachache kwa kila mwalimu.

Na hata akishajua, asiachwe. Mtu mzima awe karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. Si kwa macho. Kwa mkono.

Halafu akasema jambo ambalo sijalimeza mpaka sasa. Mtoto anayezama hapigi kelele. Pumzi ya kupigia hana. Anashuka tu, na walio karibu wanaendelea na soga.

Nikamtazama Chiriku, mtoto anayeongea mpaka usingizini. Nikakanyaga cherehani kwa nguvu nisisikie zaidi.

Jumanne, 11 Machi

Zimekwisha! Kumi na tisa, lastiki mapajani, mishono bapa isichubue. Chiriku yake kagoma kuivua. Kala chakula nayo, kaangalia katuni nayo, kaenda nayo dukani. Baba Chiriku anamwambia kila mwenye friji mbovu kwamba mkewe anavalisha shule nzima.

Alhamisi, 13 Machi

Leo sitaki hata kuandika. Nitaandika hivyo hivyo.

Wazazi tulialikwa kutazama kipindi cha kwanza. Kocha ni mwanamke mfupi, filimbi shingoni, sauti ya kusikika hadi barabarani. Watoto wakatoka chumba cha kubadilishia kwa mstari. Kumi na wanane, mmoja alikuwa na homa na nguo yake nilikuwa nayo mimi. Wazazi wakapiga makofi. Walipendeza jamani!

Kocha hakupiga makofi. Aliwaambia watoto wakae chini, mbali na maji, na mtu asisogee. Akauliza nani ana nguo nyingine kama hiyo. Nikampa, nimejaa tabasamu. Akaivalisha chupa kubwa aliyoijaza maji, akatuambia tugeuke, akazama nayo na kurudi juu mikono mitupu.

Akasema, haya, nionyesheni iko wapi.

Tukainama wote. Nguo ile naijua kila mshono! Sikuiona. Mwalimu Mkuu akaonyesha kwenye kona — kilikuwa kivuli. Baba mmoja akaonyesha ngazi. Tulitafuta muda mrefu, watu wazima wenye macho yao, maji ya kumfika mtu kiunoni. Kocha akashuka akaiokota. Ilikuwa karibu na miguu yangu.

Kisha akaifunga ile chupa kitambaa cha rangi ya machungwa, akaitupa mbali. Kila mtu akaiona papo hapo.

Akauliza, nani kashona hizi? Wazazi wote wakanigeukia, wengine bado wanacheka, hawajaelewa. Fundi wetu huyu hapa! Nilitamani ardhi ipasuke.

Kocha hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kasema, dada, kazi yako safi, ila mimi leo siingizi mtoto majini. Wavae machungwa, waridi kali, njano kali. Rangi ya kuniita mimi. Hii inawaficha.

Mwalimu Mkuu akanivuta pembeni. Eti tusiwatie watu hofu kwa sababu ya chupa. Eti wiki ijayo picha lazima, kocha atatulia.

Nyumbani Baba Chiriku akauliza, vipi, kaelea? Nikamwambia kipindi kimeahirishwa, pampu ya bwawa mbovu. Uongo umenitoka tu. Nimwambie nini, wiki nzima ananitangaza? Chiriku mwenyewe alishasinzia mgongoni, hakupata nafasi ya kunisahihisha.

Ijumaa, 14 Machi

Nikifumba macho naona vigae vitupu.

Ningekuwa nimekosea kwa kutojua, afadhali. Mimi nilichagua! Vipande vinne nilivikataa kwa sababu vilionekana ndani ya maji. Nilipiga magoti pale nikatafuta kile kisichoonekana, na nilipokipata nikafurahi.

Nimempigia Mwalimu Mkuu, nataka zirudi. Kasema niache kujidhalilisha. Basi nitazikusanya mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Kocha kakubali: nibandike vipande vipana vya machungwa kifuani na mgongoni, tuzijaribu tena majini kabla mtoto yeyote hajavaa.

Jumamosi, 15 Machi

Kumi na moja mkononi, pamoja na ya yule wa homa. Nimezunguka na daftari la vipimo, hili hili, nikiweka alama kila jina.

Watu hawataki kuzitoa! Baba mmoja kaniomba nyingine ya mdogo wa mwanawe. Bibi mmoja kacheka, anasema mjukuu wake haingii majini kuwindwa, kwa hiyo rangi ina kazi gani. Mama mmoja kagoma kabisa, mwanawe kapendeza, mimi nina wivu gani na kazi yangu mwenyewe? Ikabidi nilitamke. Mwanao akizama nayo hatutamwona. Akanitazama kama niliyemwapiza. Akaenda ndani, akanirushia nguo, akafunga mlango.

Nimeweza kuwaambia wageni. Nyumbani bado ni pampu. Kesho zikirudi zote nitamwambia mume wangu, zikiwa tayari na machungwa yake, nimwonyeshe na dawa hapo hapo.

Jumapili, 16 Machi

Niko kwenye teksi. Foleni. Naandika kwa sababu siwezi kukaa bure.

Nilitoka asubuhi kumalizia. Nyumba saba, nguo saba! Nilirudi na mfuko begani, nimeshinda, kumi na nane kamili. Ya kumi na tisa nikajua ipo kwetu, kwenye droo ya Chiriku.

Droo tupu. Taulo kubwa halipo.

Nesi jirani kaniita kupitia dirishani. Walipita kitambo, baba na mtoto. Anasema Baba Chiriku kapiga simu bwawani kuuliza habari za pampu, akaambiwa haijawahi kuharibika. Kadhani mimi ndiye mwenye woga, kwamba nimetunga ili mtoto asiende. Hakukasirika. Kampeleka ajizoeze kidogo, asiachwe na wenzake, mama aje ashangae mwenyewe. Chiriku alikuwa amevaa nguo yake tayari, anaruka ruka.

Simu ya Baba Chiriku inaita tu. Hajui kuogelea. Hajui habari ya rangi. Darasa zima linajua, mpaka yule bibi anajua. Yeye hajui, kwa sababu mimi —

Nimempata mlinzi wa bwawa. Kanikumbuka, mama mwenye vitambaa. Anasema Jumapili hii pamejaa, watoto ni wengi kupita kiasi. Kaniuliza wangu amevaa rangi gani.

Nimemwambia samawati. Kasema hakusikia. Nikarudia. Dereva kanitazama kwenye kioo.

Nikamtajia na baba mwenye taulo kubwa. Kasema nisikate, anazunguka kuangalia. Simu ipo sikioni, kalamu mkono mwingine. Nasikia maji. Nasikia watoto wanacheka, wanaitana. Namtafuta mmoja humo.

Foleni imesogea gari moja.

Amerudi. Anasema kamwona baba mwenye taulo kubwa, amekaa ukingoni, suruali kaikunja, anatazama maji na kutabasamu. Mtoto wa samawati hamwoni.

Nimemwambia amuulize huyo baba kama yeye anamwona. Hanisikii, kelele nyingi. Narudia. Muulize kama