Fundo la Ng'ombe Bwawani

Jumamosi

Nyaga, kochi wetu wa mashua, aliapa kwamba leo hatapindua mashua, na ndiyo maana sikumwamini. Wiki jana aliwapindua watoto wote bwawani makusudi, wajifunze kuelea, kisha akanitazama akicheka. Mimi ni mtu wa Kibugu. Kwetu maji yakipita magoti unatafuta daraja. Lakini meneja ameshasema karani asiyejua kuendesha mashua ya tanga hatabaki hapa klabuni.

Kwa hivyo nilijihami. Tulipopanda mashua, Nyaga alipogeuka, niliifunga kamba ya tanga kwenye kiti, kwa fundo lile tunalofungia ng'ombe, asije akailegeza ghafla nikaanguka.

"Karani, mbona umekakamaa kama mtu anapelekwa kortini?"

"Niko sawa, kochi."

Watoto katika mashua ya pili wakaangua kicheko. "Anko anaomba!"

Kweli nilikuwa naomba.

Upepo ukaja. "Achilia kamba!" Nyaga akapiga kelele. Fundo likakataa. Tanga likalala majini, nami nikaenda nalo.

Niliibuka nikikohoa, jaketi la kuelea limenibeba, na mkono wa Nyaga tayari umeshika kola yangu.

"Leo si mimi nimepindua," alisema. "Na usifunge kamba tena, hii si ng'ombe."

Tangu jioni nawaza neno hilo. Kumbe aliliona fundo kabla ya upepo, akaliacha tu. Mtu wa namna gani...

Bado simwamini. Lakini mkono ule ulifika kabla sijaita. Kesho nitapanda naye, kamba nikiishika kwa vidole.