Lori Lililofunga Mlango

Chapwa, Tunduma
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu Anastazia,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi na honi. Naamini barua hii inakukuta mzima, goti limepunguza ukorofi, na kahawa ya Ikinga imepata mvua ya kutosha. Sisi hatujambo. Mimi nazidi kunenepa. Enesi anasema nyumba yetu ikiwaka moto, wenzangu wa Zimamoto itabidi wabomoe ukuta, maana mlangoni sitapita. Cheka, lakini ukimaliza urudi, kwa sababu unene huu umo kwenye habari ninayokuletea.

Utauliza kwa nini naandika na simu ipo. Dada, nakufahamu. Ungeanza kulia kabla sijafika katikati, na mimi ningekata. Kwa hiyo naanza na la mwisho: Mercy wako yu hai. Yuko hapa kwangu, na asubuhi amekula viazi na kumcheka Enesi alivyofunga kilemba. Sasa kaa chini.

Jumatano mchana tulipigiwa simu kituoni kwamba kuna msichana kajifungia ndani ya kontena la duka, kando ya foleni ya malori, anasema amechoka kuishi. Aliyepiga ni Raudha, mwenye duka. Tukaenda mimi na Sebastian, na kwa kuwa mdogo wako anapenda sifa, niliwasha king'ora njia nzima. Hapo nilikosea. King'ora hapa Tunduma ni kama kuitisha mkutano wa hadhara. Tulikuta watu wamejaa, simu zimeinuliwa juu zinarekodi, na mama mmoja anakemea mapepo kwa kipaza sauti. Ndani, msichana alikuwa anapiga bati kwa ngumi.

Raudha akanivuta shati, akaninong'oneza kwamba ni Mercy. Nilimwambia amekosea, Mercy yuko chuoni. Ndipo nikasikia sauti kutoka ndani ikiniambia, mjomba, ondoka, usinione.

Alikuwa amefunga mlango kwa waya. Sikuuvuta. Nilisimama pale nikaomba kuingia kama mgeni anavyobisha hodi, mpaka akaulegeza kidogo. Lori la Habibu, dereva wa kutoka Tanga, lilikuwa limesimama karibu mno, kwa hiyo nilipita kwa ubavu na vifungo viwili vya shati vikabaki nje. Sasa wewe unaijua foleni ya mpakani: usiposogea, mwingine anachukua nafasi yako. Sijakaa sawa, malori ya mbele yakasogea, na Habibu naye, kwa mazoea tu, akasogea. Tela likaja likaubana mlango. Foleni ikasimama tena. Dada, giza, joto la bati, na mwokoaji mwenyewe kafungiwa.

Mercy akasema, mjomba, na wewe sasa umenaswa. Nikamwambia ndiyo, na mimi ndiye nitakayechukua hewa nyingi, anisamehe.

Kuna afisa wa ustawi wa jamii, Ruti, aliyekuja kutufundisha kituoni. Alituambia ukimkuta kijana katika hali ile, kaa chini kuliko yeye, usiharakishe, muulize waziwazi kama anataka kufa, na usimdanganye hata kidogo. Nikakaa kwenye kreti ya soda, ikavunjika. Nikabaki chini hapohapo, nikamuuliza. Akajibu ndiyo. Mtoto niliyemnunulia viatu vyake vya kwanza. Mkononi alikuwa na kitu ambacho sitakitaja humu.

Akaanza kusema. Chuo aliacha mwaka jana, alipofeli mara ya pili. Kazi yake ilikuwa kuuza vocha na sabuni dukani kwa Raudha. Kila ulipompigia ukamwita nesi wangu, ukamwambia kanisani wanakuita Mama Nesi, alijibu ndiyo mama, kisha anakosa usingizi. Aliniambia ilikuwa kama lile lori, kila simu linasogea karibu na mlango. Dada, usijilaumu. Hukujua. Hata mimi niliye jirani sikujua, na ninalipwa kwa kuona moshi mapema.

Nje, Sebastian alimwomba yule mama aombe kimoyomoyo, akawageuza wenye simu. Habibu alikwenda lori moja baada ya jingine akibembeleza. Wa kwanza kukubali alikuwa Mzambia. Alisema tu mukwai, neno lao la heshima, akarudi nyuma. Wengine wakafuata. Watu waliolala barabarani wakigombania hatua moja, dada, walirudi nyuma wote. Mlango ukafunguka. Mercy akanipa kile kitu, akanishika mkono, tukatoka. Hospitali wamempokea vizuri, dawa anameza, na wiki ijayo anaonana tena na daktari wa afya ya akili. Hajapona. Ameanza.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Kitu kile hakunipa bure. Aliniuliza, mama akijua itakuwaje? Nami, huku malori yakiwa bado yananguruma nje, nikamjibu kwamba mama anajua. Nikamwambia umejua muda mrefu, na umesema hukumzaa nesi, ulimzaa Mercy, arudi nyumbani siku yoyote anayotaka. Ndipo akafungua vidole.

Nilikusemea bila ruhusa. Ruti nilipomweleza hakunigombeza. Alisema tu kwamba uongo humtoa mtu ndani mara moja, mara ya pili hafungui. Tangu siku ile Mercy anangoja simu yako. Nimemwambia mtandao wa huko unasumbua, na huo nao ni uongo. Sitaki wa tatu.

Dada, sikuombi unisamehe leo, ukija utanichapa. Nakuomba maneno yale yawe yako. Nadhani yalikuwa yako, nimeyatoa tu kabla hujayafikia. Usimuulize kwa nini, na chuo usikitaje. Anza kwa jina lake.

Enesi anakusalimu sana, na shemeji yangu Yonasi mpe mkono wangu. Danford aliyekuletea barua hii nimemwambia asiondoke mpaka umalize kusoma. Amesimama hapo mlangoni. Simu yake ina salio, na namba ya Mercy ni ya kwanza.

Mdogo wako mnene,
Enoka