Taa ya Bwana Delphin Yenye Kufinya Jicho

Likasi, ku garaji ya Maître Kapend

Yaya yangu Marceline,

Nakupatia jambo ya mikono mbili, moja yako, moja ya Mama. Miguu yake ingali inamuuma wakati wa mvua? Na weye, ulishaanza kula muzuri? Cheminot, ule mutumishi wa treni mwenye kuleta hii barua (juu posta ilikufa) aliniambia kama shangazi anakupatia sahani ya peke yako, eti hawezi kutia mukono fasi yenye mulozi ametia yake. Nilisikia vile, nikasukuma sahani ya bugali pembeni. Na bugali huku tunapata mara moja tu, magaribi.

Miye niko muzuri. Niko mwembamba, lakini Likasi bote beko bembamba sasa, hata bakubwa ba usine, njo maana hakuna mwenye kumucheka mwenzake. Usine ya shaba ya Shituru inapandisha moshi leo, kesho inalala.

Sasa kaa chini. Ita Mama. Ita na shangazi. Ubasomee kwa sauti, na usiruke fasi yenye niko najisifu, juu njo fasi ya muzuri.

Delphin nimemupata.

Ndiyo, ule Delphin wako, mwenye alikula ku meza yetu mwaka muzima kama shemeji, kisha akaenda kuposa binti ya mwenye duka. Kuacha, sawa, banaume banaacha. Lakini kusimama mu kanisa na kusema kama weye njo ulimufungia gari na ulozi, mupaka bajirani ba quartier bakakumwangia majivu ku mulango na ukapanda treni ya Kongolo na mufuko moja tu! Ile niliiweka mu tumbo, Yaya. Kila asubui nilikuwa naiguguna kama mufupa.

Unakumbuka ile gari yake ya Kijapani, yenye ilitoka Dubai ikapitia Zambia. Otomatike! Bantu balikuwa banainama ku dirisha kuangalia gari yenye haina pedali ya ambreyaje, ile ya kukanyaga ukibadirisha gia. Ile juma alikuacha, akaenda nayo Kakanda kununua mawe ya shaba, na ku kurudi taa kidogo ya orange ikaanza kufinya jicho mbele yake. Gari ikakataa kubadirisha vitesi, zile gia, inalia tu kama mbuzi ya kufungwa. Muntu mwenye akili anatafuta fundi. Yeye akatafuta pasta. Pasta akamuuliza: «Kuko mwanamuke mwenye ulikosea?» Basi, njo weye. Bakamwanga maji ya chumvi ya kuombewa chini ya gari yote. Taa ikafinya zaidi. Bakarudilia, na chumvi mingi. Ikafinya zaidi tena. «Ule mulozi iko na nguvu!» Miye nilikuwa nasikia ile habari ku soko na nasaga meno.

Sasa, mwenye duka alimuambia kama binti yake hatapanda gari ya kusukumwa siku ya ndoa, bantu bote banaangalia. Njo maana siku moja naona vijana banasukuma gari mu garaji yetu, Delphin nyuma yao na viatu ya kungaa.

«Ah, shemeji mudogo!»

«Shemeji yako iko ku duka,» nikamujibu. «Miye niko fundi.»

Maître Kapend, mwenye garaji, akaniachia kazi, juu ya hii gari ya taa miye niko na mukono ya ufundi. (Shangazi, umesikia?) Nilifikiri kutia sukari mu réservoir ya mafuta. Nilifikiri mchanga mu boîte ya vitesi. Maître akaniangalia macho tu, akajua.

«Ngoy, gari ilikukosea nini? Kosa ilitoka ku mudomo yake. Enda umutafute kule.»

Nikafungua capot, kifuniko ya injini. Mule kuko kasanduku kenye matundu. Unaunga tundu mbili na kipande ya waya, unafungua kontakte na ufunguo, na taa yenyewe inakuambia ugonjwa: inafinya, weye unahesabu. Ikafinya sita, ikapumua, ikafinya mbili. Sita na mbili maana yake ni électrovanne ya kwanza, kale kadude mu boîte kenye kupitisha mafuta ili vitesi ibadirike. Umeme haikafikie.

Nikaingia chini ya gari. Yaya, ningekuwa na mudomo ya kukuimbia! Pale waya inaingia mu boîte, plastiki ilipasuka. Jiwe ya njia ya Kakanda, basi. Na ndani, shaba ilikuwa kijani kama jiwe ya malachite, inamung'unyuka mu vidole. Chumvi ya maombi ndiyo ilikula. Balikuwa banafukuza mulozi na banamupikia chakula!

Nikakata ile yenye kuoza, nikatia mu mufuko yangu, nikaweka waya mupya. Lakini sikufunga. Nikaacha ncha mbili wazi, nikamutumia Delphin habari: njoo na bantu bako, bibi arusi asikose kuona.

Akakuja na mwenye duka, binti yake, na bamama ba chorale ya kanisa na lesso ya namna moja. Maître akakaa ku usukani. Miye chini, miguu tu inaonekana.

«Bwana Delphin! Mulozi ya hii gari anaitwa nani?»

«Tengeneza gari, mutoto.»

«Fundi anaulizia ugonjwa. Anaitwa nani?»

«Bote banajua. Marceline.»

«Muzuri.» Nikaunganisha waya. «Maître, funga kontakte, fungua tena. Taa?»

«Imezimika.»

«Marceline ametoka.» Nikaachanisha. «Na sasa?»

«Inafinya.»

«Marceline amerudi! Kutoka Kongolo mupaka hapa, na leo treni haiko!»

Mama mumoja wa chorale akapiga kelele: «Ee, bamama! Kumbe mulozi iko na miguu ya mafuta, inatoka chini ya gari!» Bakacheka mupaka moja akakaa ku pneu, tairi ya zamani. Marceline nikamutosha inje, nikamurudisha, nikamutosha. Delphin anasema «Inatosha, inatosha», na miye nasikia sauti yake inakuwa kidogo, na ile sauti ilikuwa tamu kuliko bia.

Kisha mwenye duka akasema, na yeye hakucheka: «Mukwe, sema kweli. Juu kama ulimusemea ule uongo, siku moja utamusemea binti yangu.»

Delphin akajibu polepole: «Marceline haiko mulozi.»

«Niko chini ya gari,» nikasema, «sisikie.»

«MARCELINE HAIKO MULOZI! Nilidanganya!»

«Juu ya nini?»

«Juu… nilisikia haya ya kumuacha bure.»

Njo ile nilikuwa nangoja, Yaya. Nikachomelea waya, nikafunga na chatterton, ule utepe mweusi. Gari inaenda kama siagi.

Utasema nimusamehe. Usiniandikie vile, karatasi iko bei kali. Alikuharibia jina mbele ya bantu, miye nikamuharibia yake mbele ya balebale. Na haikuisha: vijana ba soko balipatia gari jina. Siku ya ndoa, cortège ya arusi inapita, klaksoni inalia, maua ku capot, na njia yote banapiga mikono: «Marceline anapita! Marceline amebeba bibi arusi!» Delphin aliangalia mbele tu. Itamubidi auzishe ile gari, na mwenye kununua atauliza Marceline ni nani.

Usalimie Mama, muyomba wetu mwenye kushona viatu, nkambo mwanamuke, bibi yetu, na jirani mwenye alikupokea ku gare ya treni bila kukuuliza kitu.

Mu kona ya bahasha, mu karatasi ya sigara, kuko kipande ya waya ya kijani. Usitupe. Magaribi, wakati shangazi atakutengea sahani yako ya pembeni, weye uweke ile waya katikati ya sahani yake. Umuambie: mulozi njo ule, Ngoy alimukamata. Kisha utie mukono mu bugali moja na yeye.

Miye mudogo yako,
Ngoy, daktari wa mataa ya kufinya jicho